Je, Safari ya Mnara ni Kupoteza Fedha?

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi waliopewa kazi ya kupanga viti na kugawa chai. Kwa sababu hiyo niliyasikia mazungumzo ambayo wengi wenu, mliokuwa madarasani, hamkuyasikia. Ilipofika habari ya safari za masomo, mzee mmoja alisimama, akavua kofia yake kwa adabu, akasema: "Bwana Mwalimu, mwaka jana nililipa fedha, mwanangu akaenda Nairobi pamoja na darasa lake. Aliporudi nilimwuliza amejifunza nini. Akanijibu, 'Baba, tulipanda jengo refu, tukaona mapaa.' Sasa nauliza, je, nauza mahindi yangu ili mtoto akaone mapaa?"

Watu walicheka, na wazazi wengi wakapiga makofi. Mwalimu Mkuu alijibu kwa upole kwamba jambo hilo litafikiriwa, na kwamba huenda safari ya Kidato cha Pili ikafutwa kuanzia mwaka ujao, fedha zake zikanunua vitabu.

Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai, wala sikucheka. Tangu siku ile nimelifikiri sana swali la mzee yule. Naona kwamba alisema kweli, lakini alisema nusu ya kweli. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze nusu iliyobaki, maana mimi nilikwenda safari ile nilipokuwa Kidato cha Pili, na kwa muda wa miezi mingi nilikuwa mfano hasa wa mwanafunzi ambaye fedha za mzazi wake zilipotea bure.

Yafaa kwanza niwaeleze wale wasiolijua jengo lenyewe. Ni Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ambalo watu wengi huliita KICC kwa kifupi. Lilianza kujengwa mwaka 1967, likafunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi wa Septemba, 1973. Hapo mwanzo lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU, lakini mipango ilikua hata likawa jumba kubwa la mikutano ya mataifa. Waliolichora ni Karl Henrik Nøstvik, mtu wa Norway, pamoja na Mkenya David Mutiso. Mnara wake una orofa 28, na urefu wake ni kiasi cha mita 105. Pembeni yake pana ukumbi wenye paa lililochongoka, ambalo ukilitazama lakukumbusha nyumba ya msonge ya wazee wetu. Kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na jengo lingine katika nchi yetu lililoushinda mnara huo kwa urefu. Leo yamekwisha simama marefu zaidi. Britam Tower, lililomalizika mwaka 2017 katika mtaa wa Upper Hill, lina mita 200. Lakini mtu akichora picha ya Nairobi mpaka leo, huanza na mnara ule wa zamani wenye rangi ya udongo uliochomwa.

Siku ya safari yetu tuliondoka shuleni kabla ya kupambazuka. Katika basi tuliimba mpaka sauti zikakauka. Wengi wa wenzangu hawakuwa wamepata kufika Nairobi hata mara moja, na walizungumza habari za lifti kama watu wanaozungumza habari za ndege. Mimi nilinyamaza. Nairobi ndiko nilikozaliwa. Nyumbani kwetu ni Majengo, katika Pumwani, na kutoka mlangoni kwetu ukienda hatua chache mpaka palipo wazi, unauona mnara ule umesimama juu ya mji. Nilikuwa nimeuona kila siku ya maisha yangu tangu utotoni. Lakini kuupanda, sikuwa nimeupanda; wala katika jamaa zetu hapakuwa na mtu aliyepata kuupanda.

Lifti ilituchukua kwa makundi. Masikio yaliziba, na rafiki yangu mmoja alinishika mkono kwa nguvu, ingawa baadaye alikana. Tulipotoka tukapanda ngazi, tukatokea juu kwenye paa ambapo helikopta huweza kutua. Upepo ulikuwa mkali. Mwalimu wetu wa jiografia alituamuru tushike vyuma vya ukingo, tusisukumane, kisha akaanza kutuonyesha.

Upande wa magharibi alituonyesha Bunge na mnara wake wa saa, na nyuma yake Uhuru Park, na mbele zaidi mitaa iliyofunikwa na miti hata nyumba hazionekani vizuri. Kusini-magharibi tuliona vilima vya Ngong, vimejikunja kama vifundo vya vidole. Kusini, karibu nasi, tuliona stesheni ya reli, na mbali zaidi uwanda wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1946. Kaskazini tuliona kuba na minara ya Msikiti wa Jamia. Mwalimu alisema kwamba siku ya mbingu safi hata Mlima Kenya huonekana. Lakini siku ile palikuwa na mawingu, nasi tulitosheka na mawingu.

Kisha tukageukia mashariki. Huko miti ilikuwa michache, na mapaa yalibanana, mengi yakiwa ya mabati yenye kutu. Mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti kubwa, "Je, kule kwenye mabati ndiko wanakotupa taka za mji?" Wengine wakacheka. Wala hakusema kwa ubaya, aliuliza alivyoona. Kutoka juu, palifanana na jalala kweli.

Palikuwa ni kwetu.

Nilijua mahali penyewe. Nililiona soko la Gikomba, na nilijua kwamba saa ile ile mama yangu alikuwa ameinama juu ya marobota ya mitumba, akichambua mashati ya watoto. Rafiki yangu aliyenishika mkono katika lifti akanigeukia, akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Wewe ni mtu wa Nairobi. Kwenu ni wapi?"

Nikanyosha kidole upande wa magharibi, kwenye miti.

Ndugu wasomaji, jambo hili sijapata kulisema mbele ya watu, na ninapoliandika mkono wangu ni mzito. Wazee husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mimi niliiacha asili yangu kwa kidole kimoja, juu ya orofa 28, na hapana aliyenilazimisha. Tuliporudi shuleni mwalimu alitupa insha ya kuandika juu ya safari. Niliandika kurasa mbili juu ya lifti, upepo na uzuri wa mji wetu mkuu, nikapata alama nyingi. Mashariki sikuitaja. Kama baba yake yule mwenzetu angaliniuliza nimejifunza nini, ningalimjibu kama mwanawe alivyomjibu: tuliona mapaa.

Wakati wa likizo nilikwenda sokoni kumsaidia mama, kama ilivyo desturi. Siku moja, tukingoja wanunuzi, aliniuliza, "Mwanangu, hujanisimulia. Kule juu ulituona?" Nikamjibu kwamba niliona soko. Akasema, "Sisi tunauona mnara huo kutwa kucha. Ukitukuta tumesimama, tunautazama. Nilikuwa nikisema, siku moja mwanangu atanitazama kutoka kule." Kisha akacheka, akaendelea kukunja mashati.

Soko la Gikomba limeungua mara nyingi, kama wote wajuavyo. Kabla ya safari yetu mama alikuwa ameunguliwa na karibu mali yake yote, na fedha alizonilipia safari zilikuwa katika mauzo yake ya kwanza baada ya moto. Sikulijua hilo mpaka siku ile, nalo nililisikia kwa jirani yake, si kwake. Basi mzee aliyeuza mahindi asidhani kwamba yu peke yake. Wako waliouza mahindi, na wako waliouza mashati.

Kuanzia hapo nilianza kujiuliza maswali ambayo yangalinipasa kuyauliza nilipokuwa juu. Kwa nini miti iko magharibi na mabati yako mashariki? Je, mvua hainyeshi mashariki? Nikamwendea mwalimu wetu wa jiografia, na baadaye mwalimu wa historia, nao wakanisaidia vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata, kwa kifupi.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Wajenzi walichagua pale kwa sababu palikuwa na maji, na nchi ilikuwa bado tambarare kabla ya kupanda kwenda milimani. Jina la Nairobi lenyewe ni la Kimaasai, nalo lahusu maji baridi. Magharibi na kaskazini nchi huinuka, udongo wake ni mwekundu na maji hupita upesi. Mashariki na kusini ni uwanda wa udongo mweusi unaoshika maji, na mvua ikinyesha huwa tope linalong'ang'ania viatu. Serikali ya kikoloni iliyagawa makao kwa rangi za watu. Wazungu walikaa sehemu za juu zenye udongo mwekundu. Wahindi wengi walikaa Parklands, Ngara na Eastleigh. Waafrika waliwekwa mashariki, karibu na reli na viwanda walikofanya kazi, na Pumwani yetu ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika. Ulipopatikana uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, sheria za rangi ziliondoka, lakini barabara, mabomba ya maji na ukubwa wa viwanja vilibaki vilivyokuwa. Aliyekuwa na fedha alihamia magharibi, awe wa rangi yoyote. Asiyekuwa nazo alibaki.

Hata mto wafuata njia hiyo. Mto wa Nairobi hutoka magharibi, ukapita kando ya mji, ukaenda mashariki mpaka uungane na Mto Athi. Taka itiwayo juu huwafikia wa chini. Unapopita Gikomba, maji yake huwezi kunawa.

Basi yule mwenzetu aliyeuliza habari ya jalala aliuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, ila hapana aliyemjibu. Mimi niliyekuwa na jibu nilikuwa nimenyosha kidole upande mwingine. Mpaka wa miti na mabati haukujichora wenyewe. Ulichorwa na watu, na mahali pazuri pa kuuona mpaka huo kwa mtazamo mmoja ni juu ya mnara. Hapo chini, mtu aliyezaliwa Majengo hudhani mji wote ni Majengo, na aliyezaliwa kwenye miti hudhani mji wote una miti. Mimi niliishi Nairobi miaka mingi bila kujua umbo lake. Hii ndiyo nusu ambayo mzee hakuisema: ukiwa chini huwezi kuona mji wote. Yapasa kupanda.

Lakini mzee naye ana nusu yake, nayo ni kweli tupu: ukiwa juu huwezi kuona mtu. Unaona paa, huoni aliye chini yake. Unaona soko, huoni nani ameunguliwa. Na mtu asiyeonekana ni rahisi kumcheka.

Nami nimesoma kwamba mwezi ule ule wa Septemba, 1973, jumba lile lilipofunguliwa, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanya mkutano wao wa mwaka hapo Nairobi, wa kwanza kufanywa katika bara la Afrika. Robert McNamara, aliyekuwa rais wa Benki ya Dunia, alitoa hotuba juu ya ufukara wa mamilioni ya watu wa vijijini, na hotuba hiyo hutajwa mpaka leo. Mimi simlaumu. Ni jambo jema wakubwa kuzungumza habari za maskini. Lakini kila nikipita pale hujiuliza, wangapi kati ya wageni wale walitembea kwa miguu mpaka Muthurwa, ambako ni karibu sana hata msafiri hahitaji basi?

Swali hilo ndilo lililonipa shauri nitakalolitoa. Nilipokuwa Kidato cha Tatu, katika likizo fupi ya katikati ya muhula, marafiki zangu wawili walipaswa kupitia Nairobi waende makwao. Mmoja wao ni yule aliyeniuliza kwetu ni wapi. Niliwaambia kweli ndani ya basi, kabla hatujafika, maana niliogopa kwamba tukifika nitashindwa tena. Nilisema, "Siku ile juu ya mnara nilikudanganya. Kwetu ni kule kwenye mabati." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi twende tukale kwenu." Sikutazamia jibu hilo.

Tulianzia chini ya mnara, penye sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi. Tukashika Haile Selassie Avenue, tukaiacha stesheni ya reli nyuma yetu, tukapita Muthurwa katikati ya mikokoteni ya vitunguu na wanawake waliobeba mizigo mgongoni, tukafuata Landhies Road, kisha tukaingia Gikomba. Hatukutumia hata saa moja. Njiani tulipaswa kujibana mara nyingi, na mkokoteni mmoja uliniparua mguu. Tulimkuta mama kazini. Aliwaamkia wenzangu, nao wakamshikia shikamoo kwa adabu, akawachagulia kila mmoja shati akakataa kupokea fedha. Halafu tukaenda nyumbani kwa nyanya, tukala wali wa nazi na maharagwe. Nyanya aliwasimulia habari za nyumba za zamani za udongo na fito zilizokuwa Majengo, na jinsi watu wa makabila mengi walivyokaa pamoja wakizungumza Kiswahili kimoja.

Jioni tulitoka nje, tukasimama mahali palipo wazi. Rafiki yangu aliutazama mnara kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe hapa ndipo tulipokuwa tukipatazama." Hakusema zaidi.

Nawaambia kweli, wenzangu, katika mwendo ule wa chini ya saa moja tulijifunza mambo mengi kuliko siku nzima ya safari ya kwanza. Lakini tusingalijifunza kitu kama hatukuwa tumepanda mnara kwanza. Tulikuwa tukitembea ndani ya ramani tuliyokwisha iona. Kila tulipofika tulisema, "Hii ndiyo ile reli," au "Hapa ndipo miti ilipokwisha." Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka safari ifutwe, wala sikubaliani na wanaotaka iendelee kama ilivyo. Mambo matatu naomba yafikiriwe na Mwalimu Mkuu, walimu na wazazi wetu.

Kwanza, tusipande tukiwa wajinga. Juma moja kabla ya safari kila mwanafunzi achore ramani ya mji, aweke mto, reli, Bunge, soko na mitaa ya mashariki na magharibi. Aandike maswali matano anayotaka mnara umjibu. Mtu asiye na swali akipanda juu ataona mapaa tu, hata akipanda jengo la mita 200. Ramani haihitaji fedha. Yahitaji karatasi na penseli.

Pili, nusu ya siku iwe ya kupanda, na nusu iwe ya kutembea. Tukishuka tuchague mahali pamoja tulipopaona kutoka juu, twende kwa miguu pamoja na walimu wetu, tuwaamkie watu, tununue hata ndizi, tuulize habari za kazi yao. Sisemi twende kuwatazama watu kama tunavyotazama wanyama katika mbuga. Twende kama wageni wenye adabu, na ikiwezekana tuongozwe na mwanafunzi ambaye pale ni kwao. Naamini katika kila darasa wako wanafunzi kama mimi, ambao wangeona haya kusema, lakini wangefurahi kuulizwa. Wa kwanza kujitolea nitakuwa mimi, na mama amekwisha kubali.

Tatu, asiachwe mtu kwa ajili ya fedha. Mwaka ule tulipokwenda, wanafunzi sita walibaki bwenini kwa sababu wazazi wao hawakuweza kulipa. Tuliporudi tukiimba, wao walikuwa wakifagia uwanja. Nakumbuka tuliwapungia mikono kutoka madirishani, tukiona tumewafanyia wema. Shule yetu ina shamba la mboga na ina kuku. Kidato cha Pili kikitunza bustani yake tangu muhula wa kwanza, kikauza mboga kwa walimu na majirani, kitapata fedha za kuwachukua hao sita. Na kama hazikutosha, twende karibu zaidi. Afadhali darasa zima lipande kilima kilicho nyuma ya shule, kuliko nusu yake kupanda mnara wa Nairobi.

Najua kuna watakaosema kwamba vitabu ni bora kuliko safari. Mimi napenda vitabu, na bila vitabu nisingalijua habari za reli wala za udongo mweusi. Lakini nilikuwa na kitabu cha jiografia mkononi tangu Kidato cha Kwanza, wala hakikunifanya nijiulize kwa nini nyumbani kwetu hapana miti. Nilijiuliza baada ya kuaibika juu ya mnara. Kitabu kilinijibu, lakini swali lilitoka mahali pengine.

Wengine watasema kwamba ninatia siasa katika safari ya watoto. Sidhani. Mwaka 2019 watu wa Nairobi walihesabiwa, wakapatikana zaidi ya milioni 4.3. Miaka michache ijayo baadhi yetu tutakuwa wahandisi, madaktari, wachora ramani na maofisa wa serikali. Wako kati yetu watakaoketi katika orofa za juu, wakichora mstari juu ya karatasi: barabara ipite hapa, mabomba yafike pale, soko liondolewe. Nauliza, je, wakati huo watakumbuka kwamba chini ya kila paa pana mtu mwenye jina? Wazee wa pwani wana methali isemayo, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Ni vizuri nahodha akajifunza hilo akiwa bado kijana, na mguu wake umekwisha parurwa na mkokoteni.

Mwisho, nina neno kwa mzee yule aliyevua kofia. Baba, sikujui kwa jina, wala mwanao sitamtaja. Swali lako lilikuwa la haki. Hukuuza mahindi ili mwanao akaone mapaa. Lakini nakuomba usiseme safari ifutwe. Umwulize mara ya pili. Umwulize, "Chini ya mapaa hayo palikuwa na nani?" Akishindwa kujibu, mlete kwetu wakati wa likizo. Mama yangu yuko sokoni kila siku ila Jumapili, na kutoka hapo alipo mnara unaonekana vizuri.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Nne